Mhakiki wa Kikosi cha Zuhura

Mtaani walimwita Tanzia, na jina lilikuwa limemganda kiasi kwamba ukimwita kwa lile alilopewa na wazazi wake, aligeuka nyuma kutazama nani anaitwa. Kazi yake ilikuwa kusoma matangazo ya vifo katika redio ndogo ya mji. Asubuhi, mchana na jioni, sauti yake nzito iliwafikia ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Aliifanya kazi hiyo miaka nenda miaka rudi mpaka sauti ikagoma kuvuka nje ya msiba. Akiagiza chai mkahawani, watu wa meza ya jirani waliacha kutafuna. Siku alipompigia simu dada yake kumwambia amepandishwa cheo, dada alianza kulia kabla salamu haijaisha, na alipoelezwa kuwa habari yenyewe ni njema alisema machozi yakishatoka hayarudi, akaendelea.

Sasa mtu huyu mwenye sauti ya matanga alikuwa na penzi moja lisilo na huzuni hata chembe: riwaya za anga. Wala si riwaya za anga zote. Alipenda zile zinazotungwa kufuata tamthilia za televisheni, vitabu vyembamba vyenye jalada la kung'aa na picha za waigizaji, vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule, kati ya rula na gundi. Wasomi waliviita takataka. Tanzia alijibu kwamba hata takataka huchambuliwa.

Mtangazaji wa mpira alipohamia redio nyingine, mchana wa Jumamosi ukabaki na pengo, na mkuu wa kituo, kwa kukosa cha kuweka, akampa Tanzia nusu saa. Kipindi kikaitwa Anga za Mbali. Tanzia alisoma kitabu, akakihakiki, na akimpata mwandishi alimhoji kwa simu. Watu walisikiliza kwa sababu ya ile sauti. Akisema, "Katika sura ya tatu, chombo kinalipuka," kulikuwa na vikongwe walioinamisha vichwa na kuuliza mazishi ni lini.

Tamthilia iliyompendeza kuliko zote ilikuwa Kikosi cha Zuhura. Ilihusu chombo kinachozurura baina ya sayari, kikiongozwa na Kapteni, mwanamke mwenye mkono wa chuma, pamoja na Daktari, kiumbe wa kijani kutoka mwezi wa mbali, mpole, mwenye masikio yanayojikunja akiona haya. Riwaya zake zilitungwa na mtu aliyejiita Jicho la Kimondo. Hakuna aliyemjua. Hakuwa na picha nyuma ya kitabu, hakukubali mahojiano. Tanzia alimwazia kama kijana kapera, anayelala na viatu na kuongea na paka.

Alimhakiki Jicho la Kimondo bila huruma. Lalamiko lake kubwa lilikuwa miisho. Kila riwaya, haidhuru imepita vita gani, iliishia kwa moshi wa zambarau unaopenya kwenye matundu ya chombo na kumsahaulisha kila mtu yaliyompata. Hiki kinaisha kwa moshi, kile kinaisha kwa moshi. "Ndugu msikilizaji," alisema Tanzia Jumamosi moja, "kama ni moshi tu, hata jikoni kwangu upo, na sijasahau kitu."

Kitu kimoja alikisifu mno. Kulikuwa na Mhandisi Msaidizi, mtu ambaye kwenye televisheni hayupo, mwandishi kajitungia mwenyewe. Aliishi chini kwenye injini, akiongea polepole, na kila alichosema kilisikika kama habari mbaya. Akitangaza kwamba chakula kiko tayari, mabaharia wa anga walivaa mavazi ya kujiokoa. "Huyu," Tanzia alisema kwa sauti yake ya kaburini, "ndiye mtu pekee aliye hai katika vitabu hivi. Sijui mwandishi kamtoa wapi." Mji mzima ulijua kamtoa wapi. Nyani haoni kundule.

Mambo yaliharibika pale Jicho la Kimondo alipoandika busu. Kapteni na Daktari walifungiwa kwenye chumba cha mitungi ya hewa, hewa ikawa inapungua, na katika ukurasa mmoja na nusu wakabusiana. Tanzia aliusoma ukurasa huo hewani neno kwa neno, kisha akanyamaza kidogo, kama anavyofanya kabla ya kutaja mahali pa mazishi.

"Ndugu msikilizaji," akasema, "mwandishi huyu hajawahi kubusiwa. Na kama aliwahi, basi aliyembusu alikuwa na haraka ya kuwahi jambo lingine."

Fundi mitambo, mama mmoja wa makamo aliyekaa upande wa pili wa kioo na ambaye kwa kawaida husuka mabegi ya nyuzi wakati wa kipindi, alicheka mpaka akadondosha sindano.

Siku chache baadaye mchapishaji akapiga simu. Jicho la Kimondo amekubali mahojiano. Si kwa simu, bali studio, Jumamosi, mubashara. Sharti lake ni moja tu: asikatizwe.

Tanzia alipiga pasi shati lake upya ingawa lilikuwa limenyooshwa. Mkewe, fundi cherehani, aliyefanyia kazi kwenye kibaraza cha nyumba yao, hakuona ajabu yoyote. Yeye riwaya za anga zilimchosha. "Watu wazima wamepotea njia," alikuwa akisema, "na hakuna hata mmoja anayesimama kuuliza."

Jumapili kabla ya mahojiano, mama mkwe wake alikuja kula nao kama kawaida. Alikuwa mjane, mpiga chapa mstaafu wa ofisi ya ardhi, mwembamba, mwenye miwani mikubwa, na aliishi peke yake mtaa wa pili. Tanzia alimheshimu mama huyu kupita kiasi. Alikaa mbali naye, macho chini, na tangu alipooa walikuwa na mazungumzo ya aina moja tu, nayo yalihusu goti.

"Shikamoo, Mama. Goti linaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Linaendelea."

Baada ya hapo kila mtu alishughulika na sahani yake. Siku hiyo, kwa furaha, Tanzia akavunja desturi na kuongeza, "Mama, Jumamosi nina mgeni mkubwa redioni."

"Nimesikia," mama mkwe akasema, akitoa mfupa wa samaki mdomoni. "Jiandae."

Jumamosi ikafika. Studio ya redio ilikuwa chumba kilichowahi kuwa stoo ya duka la dawa. Kuta zilibandikwa trei za mayai ili sauti isirudi, na kiti cha mgeni kililia ukikigusa, kwa hiyo wageni waliambiwa wasiheme sana. Tanzia alikuwa ameshavaa hedifoni, maswali yake mbele, wakati mlango ulipofunguliwa akaingia mama mkwe, kavaa gauni la kutokea, mkoba kwapani.

Mama mkwe kuja kazini maana yake kuna jambo.

"Mama! Shikamoo. Kuna nini? Ni goti?"

"Marahaba. Goti halijambo. Nikae hiki?"

"Mama, samahani, hapo tunamsubiri mwandishi. Yuko njiani."

"Hayuko njiani," mama mkwe akasema, akikalia kiti, nacho kikalia. "Ameshafika."

Tanzia alimtazama, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka, kisha akatazama mlangoni, kisha chini ya meza. Taa nyekundu ikawaka. Fundi mitambo alikuwa ananyoosha kidole: hewani.

Kinywa cha Tanzia kikafunguka chenyewe, na kilichotoka ni kile kilichozoea kutoka. "Kwa masikitiko makubwa tunawatangazia..." Akajishika. "Tunawatangazia kwamba leo tunaye mgeni. Jicho la Kimondo. Mwandishi wa Kikosi cha Zuhura. Ambaye ni..." Akatazama tena chini ya meza. "Ambaye ni mtu mzima."

"Asante kwa kunikaribisha," mama mkwe akasema kwa sauti safi.

Karatasi ya maswali ilikuwa mbele ya Tanzia, lakini herufi zilikuwa zinaogelea. Swali la kwanza lilisema: Kijana, ulianzaje? Tanzia akalitupa. Akatafuta lingine kichwani, akakuta liko moja tu.

"Je, mwandishi," akauliza, "goti linaendeleaje?"

Nyuma ya kioo fundi mitambo aliziba mdomo kwa begi analolisuka.

"Linaendelea," mama mkwe akajibu. "Niulize kuhusu vitabu."

Haikuwezekana kumhoji huku macho yake yanakutana na ile miwani. Tanzia akazungusha kiti chake akaelekea ukuta, akawa anazungumza na trei za mayai, kipaza sauti kakivuta begani. Wasikilizaji walisema baadaye alisikika kama mtu aliyetumbukia kisimani anayejitahidi kuwa na adabu. Akauliza alianzaje. Mama mkwe akaeleza kwamba mchapishaji alikuwa akileta kazi za kupiga chapa ofisi ya ardhi kwa njia ya pembeni, na alipostaafu, mtu yule akamwambia anatafuta mwandishi wa haraka. "Nikamwambia mimi sijui kutunga. Akasema, haraka unayo? Nikasema haraka ninayo."

"Na hii siri ya jina, m... mwandishi?"

"Tutafika. Kwanza tuanze na ukurasa ule."

"Ukurasa upi?" Tanzia akauliza ukuta, ingawa alijua.

"Wa chumba cha mitungi."

"Labda tusikilize muziki kidogo..."

"Nilisema nisikatizwe." Kiti kikalia. "Ulisema hapa hapa, mji mzima unasikia, kwamba mwandishi hajawahi kubusiwa. Mimi, bwana mhakiki, niliolewa na mtu mmoja tu. Unamjua. Ulimsindikiza kaburini, tanzia yake ulisoma wewe mwenyewe. Kwa hiyo hukunitukana mimi. Umemsingizia marehemu, na hayupo kujitetea."

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kiasi kwamba mkuu wa kituo, aliyekuwa nyumbani akinyolewa ndevu, alidhani umeme umekatika.

"Nakanusha," Tanzia akasema kwa sauti ndogo.

"Kanusha vizuri. Kwa sauti ya kazini."

Hapo Tanzia hakuwa na pa kukimbilia. Akakaa wima. Akasafisha koo. Na kwa ile sauti ambayo mji mzima ulisimamishia vijiko, akasoma kutoka ukutani:

"Uongozi wa kipindi cha Anga za Mbali unapenda kuwataarifu ndugu, jamaa na marafiki wote kwamba marehemu mzee, aliyekuwa fundi bomba wa halmashauri, alikuwa akibusu vizuri, kwa mujibu wa taarifa tulizozipata kutoka ndani ya familia. Habari ziwafikie popote mlipo. Marehemu hakuwa na haraka ya kuwahi jambo lolote lingine."

"Amina," mama mkwe akasema. "Sasa niulize kuhusu moshi."

Fundi mitambo alikuwa ameshatoweka chini ya meza yake. Simu zilikuwa zinawaka taa zote, na mkono tu ulionekana ukipapasa kuzipokea.

Tanzia, akiwa ameshavuka mto akaona hajafa, akapata nguvu. Akauliza kuhusu moshi, na aliuliza kwa uchungu wa kweli, kama msomaji. Mama mkwe naye akamjibu kama mwandishi. Kapteni si wake, akasema. Daktari si wake. Ni mali ya wenye tamthilia, na wenye tamthilia wana masharti: asife mtu, asioe mtu, asinenepe mtu, asiote hata kovu. Kitabu kikiisha, kila mmoja awe kama alivyokuwa, maana Ijumaa anatakiwa kwenye televisheni.

"Ni nyumba ya kupanga ile," akasema. "Unaruhusiwa kulala. Huruhusiwi kupigilia msumari. Sasa mimi nikipata usiku mmoja humo nataka kusogeza makabati, nataka kupika, nataka watu wapendane. Asubuhi nirudishe vyote mahali pake. Bila moshi ningefanyaje?"

Tanzia hakuwa amewahi kulifikiria hilo. Bila kujijua alizungusha kiti, akamtazama. "Na wewe mwenyewe, Mama? Kichwani mwako, Kapteni anasahau kweli?"

"Hasahau kitu," mama mkwe akasema. "Moshi ni wa wenye nyumba. Mimi na yeye tunajua."

Fundi mitambo, aliyerudi juu na macho mekundu, akaonyesha kwamba kuna msikilizaji kwenye simu. Sauti ikaingia, na nyuma yake cherehani.

"Naitwa mke wa mtangazaji," sauti ikasema. "Swali langu ni kwa mwandishi. Mama, miaka yote hii si unatuambia kila asubuhi uko kwenye mazoezi ya viungo?"

"Vidole navyo ni viungo," mama mkwe akajibu.

"Mama!"

"Simamisha cherehani, mwanangu, unaharibu matangazo. Na kwa kuwa mmeniuliza siri, nitajibu wote. Ningesema ni mimi, mume wako angesifu kila kitabu kuanzia jalada. Angesifu mpaka bei. Mkwe ninaye tayari, tena mzuri, ananiuliza goti kila Jumapili. Nilichokosa ni mhakiki. Kila Jumamosi nakaa na kalamu, ananichambua, nakasirika, naandika upya. Nani mwingine wa umri wangu ana mtu wa kumsoma hivyo?"

Tanzia alivua hedifoni akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. Kisha, kwa kuwa muda ulikuwa unakwisha na alikuwa na swali moja lililomkaa siku nyingi, akauliza, "Na yule Mhandisi Msaidizi, Mama. Yule ulimtoa wapi?"

Mama mkwe alimtazama kwa muda. Akamtazama fundi mitambo, aliyekuwa anamsihi kwa mikono yote miwili aseme.

"Kuna kijana," akasema, "alikuja kwangu zamani akimchumbia binti yangu. Akajitolea kurekebisha mlango wa jikoni. Akaufungua, akautazama, akaniambia, 'Mama, bawaba imetutoka.' Mimi nikakaa chini nikashika kichwa. Mpaka leo mlango ule naufunga kwa tofali."

Wanasema Tanzia alielewa wakati wimbo wa kufungia kipindi ulipokuwa katikati.

Wiki iliyofuata mji haukuwa na mazungumzo mengine. Watu walimsimamisha Tanzia njiani kumpa pole na hongera kwa pamoja. Lakini wenye tamthilia nao walikuwa na masikio, na habari ya nyumba ya kupanga haikuwapendeza. Mchapishaji akampigia mama mkwe kumwambia kwa upole kwamba riwaya zinazofuata zitaandikwa na mtu mwingine, mtu asiyehojiwa.

Tanzia alipolisikia hilo aliacha sahani mezani. Alikwenda mtaa wa pili peke yake, akasimama nje ya nyumba ya mama mkwe na kofia mkononi.

"Mama, shikamoo. Nimekuja kukuomba radhi. Kazi yako imepotea kwa sababu ya maswali yangu."

"Marahaba. Ingia, mwanangu. Na hiyo sauti iache nje, majirani watakuja na mikeka."

Akaingia. Mezani, karibu na mashine kuukuu ya chapa, kulikuwa na rundo la karatasi. Mama mkwe hakuwa amekaa akilia. Alikuwa ameanza kitabu chake mwenyewe, chombo chake mwenyewe, watu wake mwenyewe, wasiotakiwa popote siku ya Ijumaa. Akamsukumia lile rundo. "Soma. Na usinisifu."

Tanzia alisoma mpaka shingo ikamuuma. Halafu akatafuta namna ya kulisema jambo bila kukosa adabu.

"Mama," akasema hatimaye, "mbona wanakufa hivi? Ni sura ya tatu tu. Mimi kazini, wiki nzima, sisomi wengi namna hii."

"Nilizuiwa muda mrefu," mama mkwe akasema.

"Huyu mpishi, kwa mfano. Ana kosa gani?"

"Alikuwa njiani."

"Mama, mpishi abaki. Na yule rubani mwenye watoto pacha."

"Rubani sawa. Mpishi nitafikiria."

Ndivyo walivyoanza. Jioni baada ya jioni Tanzia alipita akitoka kazini, wakabishana, yeye akiokoa watu na mama mkwe akiwaua. Goti halikutajwa tena, si kwa kusahauliwa, ila muda haukutosha. Tatizo likawa moja: kurasa za mapenzi. Tanzia hakuweza kuzisoma mbele ya mama mkwe wala nyuma yake. Basi kurasa hizo zilipelekwa kibarazani kwa fundi cherehani, aliyezisoma huku mguu ukiendelea kukanyaga, na kurudisha majibu mafupi kupitia kwa mumewe. "Mwambie Mama ile ya kwanza inatosha, ya pili ipunguzwe, ya tatu anieleze ilikuwaje." Tanzia alizifikisha salamu hizo akitazama dari.

Kitabu kilipotoka, kilikuwa na jalada la bei ndogo na wino uliotia doa vidole, kikapangwa dukani kati ya rula na gundi. Kwa haki, Tanzia hakuweza kukihakiki. Akamwachia kipaza sauti fundi mitambo, ambaye hakuwa amewahi kusema neno hewani maishani mwake, akaenda kukaa sebuleni kwa mama mkwe pamoja na mkewe, redio katikati yao.

Fundi mitambo alianza kwa kukohoa. Kisha akasema kitabu amekipenda, kimemuunguzia sufuria. Akasema Kapteni mpya ni mwanamke wa kweli, anakasirika inavyopasa. Busu la ukurasa wa katikati, akasema, lilimfanya ampigie simu mume wake kazini bila sababu. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa taratibu, miwani ikiteleza puani.

"Ila nina lalamiko," fundi mitambo akaendelea. "Yule mpishi. Anaongea mno. Mimi ningemuua mapema, sura ya pili hivi."

Mama mkwe akageuka polepole, akamtazama mkwe wake. Tanzia akatazama zulia. Mkewe akaanza kucheka mpaka akaegemea ukuta.

"Mama," Tanzia akasema, "ni maoni ya mtu mmoja."

"Nipe hiyo simu," mama mkwe akasema.

"Mama, wako hewani. Subiri basi angalau wacheze wimbo."

Mama mkwe alikuwa ameshaanza kubonyeza namba.